Chati Kutoka Excel, KHIS na R Hadi Kwenye Slaidi: Njia Isiyokuumbua Ukumbini

Slaidi ya 7 ndiyo iliyoniumbua. Kilikuwa kikao cha robo mwaka cha kupitia takwimu za afya, katika ukumbi wa hoteli moja hapa Kisumu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilisahihisha namba mbili kwenye Excel, nikafunga laptopu, nikalala usingizi wa pono. Chati zangu zilikuwa zimeunganishwa na faili hiyo, kwa hiyo nilijua slaidi zitajirekebisha zenyewe. Asubuhi nikabeba slaidi peke yake kwenye flashi, nikaiacha laptopu nyumbani Mamboleo.

Nilipofika slaidi ya 7, muuguzi mmoja anayesimamia zahanati akainua mkono. "Daktari, samahani. Si hiyo ndiyo namba tuliyokubaliana juzi kwamba ina makosa?" Mimi si daktari, lakini kwenye vikao vyetu kila anayeshika kipaza sauti ni daktari. Namba ilikuwa ya zamani kweli. Nikajaribu kuifungua data ili niirekebishe mbele yao. PowerPoint ikanijibu kwamba faili iliyounganishwa haipatikani. Ingepatikana vipi, na iko Mamboleo?

Tangu siku hiyo, kabla sijanakili chati yoyote, najiuliza swali moja: hii inakwenda ikiwa hai au inakwenda ikiwa picha? Chati iliyo hai inafuata namba zake zikibadilika. Picha haifuati kitu, lakini pia haikugeuki. Vituko vingi nilivyoviona ukumbini, vyangu na vya wenzangu, vilianza pale mtu alipobandika bila kujiuliza hilo.

Ninayoyaandika hapa ni kwa wenzangu wa takwimu kwenye kaunti, na kwa wanafunzi wa Maseno, Masinde Muliro, Egerton na kwingineko wanaojiandaa kutetea tasnifu na ambao wiki ya mwisho hujaa kwenye saiba wakiwa na flashi mkononi.

Data ya kufanyia mazoezi

Usijifunze kwa data ya kazini. Chukua hii ya Sensa ya 2019, ambayo Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, limeichapisha kwa kila mtu. Ni idadi ya watu katika kaunti ndogo 7 za Kisumu:

Kisumu Mashariki: 220,997
Kisumu ya Kati: 174,145
Kisumu Magharibi: 172,821
Nyando: 161,508
Muhoroni: 154,116
Nyakach: 150,320
Seme: 121,667

Zijumlishe. Ukipata 1,155,574, ambayo ndiyo idadi ya watu wa kaunti nzima, umezinakili sawasawa. Ukipata nyingine, kuna tarakimu umeikosea, na ni heri uigundue sasa.

Hatua ya 1: Chora chati kwenye faili mpya, si kwenye faili kubwa

Fungua faili mpya ya Excel yenye safu mbili tu: jina na idadi. Kama kazi yako ina jedwali kubwa lenye maelfu ya mistari, fanya muhtasari huko, kisha leta muhtasari peke yake hapa. Sababu nitaieleza hapo chini, na ni nzito kuliko inavyoonekana.

Panga kuanzia kubwa hadi ndogo. Chagua chati ya pau za kulala, si za kusimama, kwa kuwa jina kama "Kisumu Mashariki" likiwekwa chini ya pau iliyosimama litageuzwa upande na watu watalazimika kupinda shingo. Excel itakuwekea Seme juu na Kisumu Mashariki chini, kinyume cha ulivyopanga. Usishangae. Bofya mara mbili kwenye majina ya mhimili, kisha weka alama kwenye "Categories in reverse order".

Sasa itazame chati yako vizuri. Kisumu ya Kati na Kisumu Magharibi zinatofautiana kwa watu 1,324 tu. Kwa macho, pau zao ni mapacha. Kwa hiyo weka namba mwishoni mwa kila pau, halafu ufute mistari ya nyuma na mhimili wa namba. Ukishakuwa na namba yenyewe, mistari hiyo ni uchafu.

Na usiuanzishe mhimili katikati. Kwa kweli Kisumu Mashariki ina watu karibu mara 1.8 ya Seme. Ukianzisha mhimili kwenye 100,000, pau ya Kisumu Mashariki itakuwa ndefu mara tano na nusu na zaidi kuliko ya Seme. Hujadanganya kwa namba hata moja, ila mtu wa Seme atatoka ukumbini akiamini kwao hakuna watu. Pau zianzie sifuri, basi. Chati ya mstari inayoonyesha mwenendo wa miezi ina uhuru zaidi, lakini pau hazina.

Hatua ya 2: Bandika kwa kuchagua, si kwa mazoea

Hapa ndipo penyewe. Bofya ukingo wa chati ili ichaguliwe yote, bonyeza Ctrl+C, nenda PowerPoint. Watu wengi wanabonyeza Ctrl+V na kuendelea na maisha. Wasichokijua ni kwamba kwa kawaida PowerPoint, ukiibandikia chati ya Excel hivyo, inafanya mambo mawili bila kukuuliza: inabadilisha rangi na fonti zifanane na za slaidi, na inaiunganisha chati na faili yako ya Excel. Hilo la pili ndilo lililoniangusha.

Badala yake, bofya kulia kwenye slaidi. Utaona vialama vitano vya kubandika. Ukipitisha kipanya juu ya kila kimoja, jina lake linatokea. Viwili vya kwanza vinapachika: vinaingiza chati pamoja na faili yake ya Excel ndani ya slaidi. Viwili vinavyofuata vinaunganisha: chati inakaa kwenye slaidi, lakini namba zinabaki kwenye faili ya nje. Cha tano ni picha. Katika kila jozi, kimoja kinavaa rangi za slaidi na kingine kinabaki na rangi ulizochagua kwenye Excel.

Uchague kipi? Mimi nafanya hivi.

Naunganisha ninapoandaa ripoti inayorudi kila mwezi, kwenye laptopu yangu, na namba bado zinaingia. Hapo kiungo kinaniokolea nusu siku. Slaidi na Excel nazitia kwenye folda moja na siihamishi folda hiyo ovyo, maana kiungo kinakumbuka anwani kamili ya faili. Folda ikihama, fungua menyu ya File, kisha Info, na chini upande wa kulia utaona "Edit Links to Files". Humo unaonyesha faili iko wapi sasa, au unaamuru namba zisasishwe papo hapo.

Usiku wa mwisho, namba zikishatulia, narudi kwenye dirisha hilohilo, nasasisha, kisha nakata kiungo kwa "Break Link". Chati inabaki na sura yake na namba zake za mwisho. Data yake haitafunguka tena kwa ajili ya kurekebishwa, kwa hiyo kabla ya kukata nahifadhi nakala nyingine yenye viungo vyake. Hii ingeniokoa siku ile.

Picha natumia ninapomtumia mtu mwingine slaidi, au chati inapotoka kwenye data ambayo si ya kila jicho.

Kupachika ndiko ninakokuogopa. Mtu anadhani amebandika chati moja yenye pau saba, kumbe amebeba faili nzima, pamoja na kurasa nyingine zote za Excel zilizokuwemo. Nimewahi kupokea slaidi za mtu kwa barua pepe, nikabofya kurekebisha data ya chati moja ili nione namba, na mbele yangu ikafunguka orodha ya wagonjwa kwa majina na namba za simu. Mwenyewe hakuwa na habari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na kusema "sikujua zimo" si utetezi ningependa kuutoa mbele ya yeyote. Ndiyo sababu nikasema uchore kwenye faili mpya yenye muhtasari tu. Hata ukipachika kwa bahati mbaya, utakuwa umepachika mistari saba.

Una slaidi za zamani na hujui zimebeba nini? Tengeneza nakala, ibadilishe mwisho wa jina kutoka .pptx iwe .zip, kisha uifungue kama folda ya kawaida. Ingia "ppt", halafu tafuta "embeddings". Ukikuta faili za Excel humo, hizo ndizo zinazosafiri na slaidi zako. Fungua kila moja uone kilichomo.

Hatua ya 3: Chati isiyotoka Excel

Kwanza kabisa, achana na kupiga picha ya skrini. Laptopu nyingi tunazopewa zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Chati inayochukua nusu ya upana ina pikseli kama 680. Ukiitandaza kwenye slaidi ya projekta yenye pikseli 1920, kila pikseli inavutwa karibu mara tatu, na herufi zinavimba kama mkate ulioloweshwa chai.

Wa R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa kuandika amri, wana raha yao. Slaidi pana ya siku hizi ina inchi 13.33 kwa 7.5. Ukiacha nafasi ya kichwa na pembezoni, chati inabaki na takriban inchi 12 kwa 5.5. Basi itoe kwa ukubwa huohuo:

ggsave("kisumu.png", width = 12, height = 5.5, dpi = 200)

Utapata picha ya pikseli 2400 kwa 1100, inayotosha projekta yoyote utakayokutana nayo huku kwetu. La maana zaidi kuliko pikseli ni zile inchi. Ukitoa chati ya inchi 6 kisha ukaivuta hadi 12 kwenye slaidi, herufi nazo zinavutika. Ukitoa ya inchi 20 na kuibana, herufi zinakuwa sisimizi. Ukitoa kwa ukubwa wa pale itakapokaa, herufi ya pointi 20 inabaki pointi 20. Ndiyo, ongeza herufi: ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea chati, inaanza na pointi 11, ambazo zinafaa karatasi. Andika theme_minimal(base_size = 20). Kama lazima mtu aweze kuibadilisha chati ndani ya PowerPoint, vifurushi vya officer na rvg vinatoa chati ambayo kila pau na kila herufi inashikika.

Wa Stata, programu nyingine ya takwimu, amri ni hii: graph export kisumu.png, width(2400) replace. Imetosha.

Wa SPSS, nayo programu ya takwimu, na hapa najua wanafunzi wengi watanipinga, nawaambia waiache chati ya SPSS mahali ilipo. Inaweza kutolewa: bofya kulia, chagua kunakili kama picha au kuitoa kama faili. Lakini ukimaliza kupigana na fonti zake na rangi zake, ungekuwa umechora nyingine mbili. Nakili jedwali la matokeo, libandike Excel, chora upya. Msimamizi wako anataka kuona matokeo. Hana haja ya kuona kwamba ulitumia SPSS.

Ushauri huohuo nautoa kwa wa KHIS, mfumo wa taarifa za afya uliojengwa juu ya DHIS2, programu ya kukusanyia takwimu za afya, na kusambazwa nchi nzima mwaka 2011. Sehemu ya kuchorea chati, Data Visualizer, inakuruhusu kupakua picha ya PNG au PDF, na pia kupakua data yenyewe kwa Excel au CSV. Picha inafaa kwa ujumbe wa haraka kwenye kundi. Kwa slaidi, chukua data. Majina ya viashiria kwenye mfumo ni marefu kama treni ya mizigo, na kwenye picha huwezi kuyafupisha. Kwenye Excel unaandika "Chanjo ya surua, dozi ya 1" na mambo yanakwisha. Andika pia tarehe uliyopakua. Vituo vinaendelea kuingiza na kusahihisha ripoti, kwa hiyo namba ya Jumatatu na ya Ijumaa zaweza kutofautiana bila yeyote kukosea.

Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti za takwimu, inaweza kuitoa ripoti nzima kama slaidi, kila ukurasa slaidi moja, zote picha. Inaweza pia kuiweka ripoti ikiwa hai ndani ya slaidi, unabofya na kuchuja mbele ya watu. Inapendeza sana ofisini. Ukumbini inataka intaneti na kuingia kwa akaunti, na intaneti ya ukumbi wenye watu 60, kila mmoja na simu yake, unaijua. Ukiing'ang'ania, tafuta kwenye menyu yake chaguo la kuionyesha kama picha iliyohifadhiwa, liwe akiba.

Google Sheets kwenda Google Slides ni rahisi kuliko zote: kwenye slaidi nenda Insert, Chart, From Sheets. Namba zikibadilika, kitufe cha "Update" kinatokea kwenye pembe ya chati. Usipokibofya, hakuna kinachobadilika, na hilo mimi naliona ni jema.

Neno moja kuhusu aina za faili. PNG kwa chati, JPEG kwa picha za watu na mandhari. JPEG huacha ukungu kuzunguka herufi. SVG ni bora kuliko zote mbili kwa kuwa haipasuki hata uivute vipi, ila PowerPoint ya zamani haiikubali, kwa hiyo uliza kwanza ukumbini wana toleo gani. Na ukimtumia mwenzako chati kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha, WhatsApp itaikamua kabla haijafika Ahero.

Hatua ya 4: Ikishakaa kwenye slaidi

PowerPoint nayo ina tabia ya kukamua picha unapohifadhi. Kabla hujaingiza hata moja, nenda File, Options, Advanced, na uweke alama kwenye "Do not compress images in file".

Ukibadilisha ukubwa wa picha, shika pembe, usishike ubavu. Ukishika ubavu unainyoosha, na duara linakuwa yai.

Kichwa cha slaidi kiseme jambo. "Idadi ya Watu kwa Kaunti Ndogo" ni lebo ya kabati. "Kisumu Mashariki pekee ina watu zaidi ya 200,000" ni habari. Ukishaandika hivyo, ipe pau hiyo rangi nzito na zilizobaki zipe kijivu, na watu watajua pa kutazama kabla hujafungua mdomo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: "Chanzo: KNBS, Sensa ya 2019". Kwenye vikao vyetu swali la kwanza huwa ni hilo, na likishajibiwa ukutani unapata dakika tano za bure.

Rangi zichague ukikumbuka projekta, usiziamini za skrini yako. Njano na kijani hafifu hupotea kabisa juu ya ukuta mweupe, hasa saa tisa alasiri, jua likiwa limeshageukia upande wa ziwa na pazia za ukumbi ni zile za urembo. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja, wapo wasioweza kuzitofautisha, na hawatakwambia. Buluu nzito na rangi ya chungwa hazijanisumbua bado.

Hatua ya 5: Asubuhi ya kikao

Fika nusu saa kabla. Kwenye flashi uwe na faili mbili: slaidi zenyewe, viungo vikiwa vimekatwa, na nakala ya PDF. Laptopu ya ukumbi isipokuwa na fonti yako itaweka yake, na maandishi yatahama, PDF haihami. Umeme ukikatika na kurudi, PDF ndiyo inayofunguka haraka.

Unganisha projekta, fungua slaidi yenye herufi ndogo kuliko zote, kisha tembea hadi kiti cha mwisho kabisa nyuma. Macho yako hayafai kwa kazi hii kwa kuwa namba unazijua kwa moyo. Mimi humwomba mhudumu anayepanga vikombe vya chai. "Dada, nisaidie kidogo, Seme wameandika ngapi pale?" Akisoma 121,667 bila kusogea, namshukuru na kwenda kuketi. Akikunja uso na kusogea hatua mbili mbele, narudi kwenye laptopu, nazipandisha herufi hadi pointi 24, na kumwita tena.